Gari la Mama Twende

Siku dada yangu alipotangaza kwamba gari lake anakipa kituo cha watoto wenye ulemavu, sote tulisema vizuri. Naliweka hilo wazi mapema kwa sababu kaka yetu siku hizi anazunguka akisema hatukushirikishwa. Tulishirikishwa. Ilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwa dada, tumeshiba, sahani bado ziko mezani, na yeye akatokea mlango wa jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo begani, akasema mwezi ujao gari analitoa, anawapa wale watoto. Kaka akasema vizuri sana, Mungu atakulipa. Binamu yetu, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, akaitikia amina bila kufumbua macho. Mimi nikasema ni wazo jema, kisha nikamwuliza kama keki niliyoagizwa ya harusi ya Jumamosi bado tutaipeleka pamoja. Akasema, "Twende."

Ndilo jina lake hilo. Kazini, mtaani, hata wanawe wakimtania, ni Mama Twende. Ukimwambia una mgonjwa, twende. Umenunua kabati upande wa pili wa mji na mwenye duka anafunga saa kumi, twende. Hajawahi kuuliza ni mbali kiasi gani wala tutarudi saa ngapi. Anavaa viatu vyake vya kuendeshea, vile vya raba vilivyolika kisigino, anachukua ufunguo, na wewe unamfuata nyuma ukijiona mtu mwenye bahati ya ndugu.

Na sisi ni ukoo wa kuitikia. Kwetu mtu hakatai kitu. Ukimwambia jambo asilolitaka atasema vizuri, au tutaona, au Mungu akipenda, halafu ataendelea na mambo yake kama vile hujasema. Kwa hiyo pale sebuleni tulisema vizuri, na hakuna hata mmoja wetu aliyeamini kwamba gari litaondoka. Tulidhani na yeye amesema tu, kama tunavyosema sisi.

Dada ni karani wa masjala ya hospitali, huu ni mwaka wake wa thelathini na moja. Kazi yake ni kutafuta mafaili. Mgonjwa anapitisha kadi kwenye kidirisha, dada anasoma namba, anaingia kati ya rafu zinazofika darini, anapanda ngazi ya chuma, anashuka na faili, anakohoa vumbi, anarudi dirishani. Anafanya hivyo mara mia na zaidi kwa siku. Wakubwa waliwahi kuleta kompyuta. Ipo, imefunikwa kitambaa kizuri chenye maua, na mafaili bado yanatafutwa kwa miguu. Goti lake la kushoto liliharibikia kwenye ile ngazi, na ndilo goti la kukanyagia klachi.

Gari walilinunua yeye na marehemu shemeji wakati watoto wao watatu wako shule na mama mkwe anaishi nao. Jeupe, kubwa, siti saba, limeinuka kutoka ardhini kiasi kwamba mama mkwe alikuwa akiwekewa kigoda ndipo apande. Watoto wakakua, wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja na mji wake. Mama mkwe akafariki. Shemeji naye akafuata, ugonjwa wa wiki mbili tu, hata hatukuwahi kuzoea kwamba anaumwa. Zikabaki siti saba na dereva mmoja.

Hapo ndipo tulipoingia sisi. Tulikubaliana kwamba si vizuri dada akae peke yake, na njia tuliyoiona ya kumwondolea upweke ilikuwa kumpigia simu kila tulipotaka usafiri. Kaka ana gari lake dogo linalong'aa, ambalo halipandwi na mtu mwenye mzigo. Wageni wake wote wa kikweli, wakwe na wazee na watu wenye mabegi, walikuwa wakipokelewa na Mama Twende. Binamu anahama nyumba kila mwaka kwa sababu kila mwenye nyumba, kwa maelezo yake, ni mtu mbaya. Vitanda vyake na jokofu lake vimezunguka mji huu wote ndani ya lile gari, mlango wa nyuma umeegemezwa mpini wa fagio kwa sababu ulikuwa haukai wazi wenyewe.

Na mimi nilikuwa mbaya kuliko wote hao. Mimi ni mwoka keki. Keki ya harusi ya tabaka nne haitaki mtikisiko, na hakuna gari la kukodi ambalo dereva wake atakubali kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Dada alikubali. Tulikuwa tunakunja siti za nyuma, sakafu inakuwa sawasawa, tunatandika mkeka wa raba, keki inakaa katikati, na mimi nakaa chini kando yake nimeshika ubao wake kwa mikono miwili. Dada mbele anakwepa mashimo, madereva nyuma yetu wanapiga honi na kututukania wazazi, na yeye hageuki. Kila Jumamosi, miaka kumi na tano. Leseni ninayo. Nilijifunza kuendesha kabla hata sijaolewa na nikafaulu mtihani mara ya kwanza. Lakini zamani niliwahi kumwambia dada kwamba barabara kuu inanitia hofu, akaniamini, na sikuona haja ya kumsahihisha. Nilikuwa na visingizio vyangu: nani atashika keki, na kadhalika. Ukweli ni kwamba kuendeshwa ni raha.

Hao watoto wa kituo aliwafahamia dirishani kwake. Kila Jumanne asubuhi walikuwa wanaletwa hospitali kufanya mazoezi ya viungo, na waliokuwa wakiwaleta ni mama zao, mgongoni. Si watoto wachanga, ni watoto wa miaka tisa, kumi, kumi na moja, miguu inaning'inia mpaka chini ya magoti ya mama. Dada alisema unaanza kuisikia pumzi ya mama kabla hujamwona. Wale wakubwa zaidi, ambao mgongo wa mtu hauwezi tena, walikuwa hawaji kabisa, na mafaili yao yalikuwa yanakaa rafuni yakipata vumbi. Basi mnajua alichofanya. Akaomba kubadilishiwa zamu ya Jumanne, akawa anawafuata kituoni alfajiri, anawashusha hospitali, anaingia kazini, akitoka anawarudisha. Na Jumatano kaka ana wageni. Na Jumamosi kuna mimi.

Ile Jumamosi baada ya tangazo lake, tulipokuwa tunarudi kupeleka keki, nilihamia siti ya mbele nikampongeza. Nilimwambia watu wote wanamsifu, kwamba si kila mtu ana moyo wa kutoa kitu kikubwa hivyo. Alikuwa amesimamisha gari kwenye taa, mkono mmoja unakanda goti.

"Usinisifu," alisema. "Mimi sitoi sadaka. Nimechoka. Nikiwa na gari siwezi kukataa mtu, na watu hawaishi. Sasa nimewapa wale ambao hata wakinichosha wana haki."

Nilicheka. Taa ikabadilika, tukaenda. Sijui kama alisubiri niseme neno lingine. Mimi nilikuwa nafikiria keki ya wiki itakayofuata.

Akalitoa. Kadi ya gari ikaandikwa jina la kituo, mkuu wa kituo akaja na mmoja wa wazazi, baba aliyewahi kuendesha malori kabla mgongo haujamsumbua, ndiye atakayekuwa dereva. Huyo mkuu ni mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba anayezungumza taratibu na kukuangalia machoni. Dada alikuwa amelipeleka gari kuoshwa, ametengenezesha ule mlango wa nyuma, ambao sisi tulikuwa tumeuegemeza kwa mpini wa fagio mwaka mzima bila haya. Alimkabidhi ufunguo, akawaandalia chai, wakaondoka. Nilimwuliza kama hajisikii vibaya. Alisema anasikia usingizi.

Na kweli alilala. Wiki mbili mfululizo ukimpigia Jumamosi asubuhi simu haipokelewi, baadaye anakupigia mwenyewe na sauti nzito, anasema alikuwa amelala. Majirani waliniambia siku hizi anakaa barazani jioni, miguu ameinyoosha juu ya kigoda, hafanyi kitu. Mtu aliyezoea kumwona mbio mbio angesema anaumwa. Hakuwa anaumwa.

Wiki ya tatu nikapata keki ya tabaka tano.

Nilihangaika kutafuta gari, sisemi uongo. Nilizungumza na madereva watatu. Mmoja alitaka keki ikae kwenye siti kama abiria na ifungwe mkanda. Ijumaa mchana nimekaa jikoni, tabaka zote tano zimepoa, krimu iko tayari, na wazo likanijia, na wakati huo halikuonekana baya hata kidogo: lile gari lipo, Jumamosi kituo kimefungwa, watoto wanakwenda hospitali Jumanne tu. Na ni letu. Ndivyo nilivyojiambia, ni letu, kama vile kumpa mtu kitu ni kumwekea tu.

Nikaenda kituoni. Ni nyumba ya vyumba vinne na uwanja uliosakafiwa ili magurudumu yapite. Mkuu alinipokea kwa heshima zote, akanishukuru mimi kwa gari alilotoa dada, nami nikazipokea hizo shukrani. Nilipomweleza shida yangu aliniangalia machoni.

"Mama Twende anajua?" aliuliza.

"Anajua," nikasema.

Nimeoka keki za watu wengi na nimesema uongo mwingi wa biashara, kwamba mayai ni ya leo, kwamba umeme ulikatika. Ule haukuwa wa biashara. Nilimdanganya mwalimu mstaafu kwa macho makavu, kwenye kiti chake, nikiwa na kikombe chake mkononi. Naye, mtu atamkatalia vipi ndugu wa aliyempa? Akaenda kuleta ufunguo.

Uwanjani kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mitatu kwenye kiti cha magurudumu, wenzake wanamwita Meneja, kwa sababu anaweka daftari la kila kitu: nani kafika, nani kachelewa, nani kala machungwa mawili. Ni mkubwa wa mwili, mmoja wa wale ambao hakuna mgongo wa kuwabeba. Aliniona na ufunguo akaniuliza nitalirudisha lini. Nikamwambia Jumapili. Akauliza Jumapili saa ngapi, nikasema mchana, akaandika. Kisha akaniambia, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kazini, kwamba Jumanne hii ni ya fundi. Nilisema sawa. Sikumwuliza ni fundi gani, nilidhani ni fundi wa gari.

Nikaliendesha mwenyewe kutoka kituoni mpaka kwangu, barabara kuu yote, na hofu yangu ya miaka kumi na tano haikuonekana popote.

Keki ilifika salama, mpwa wangu alinisaidia kuishika. Jioni kaka akapita kwangu, akaliona gari mlangoni, na sura yake ikafunguka kama mtu aliyeona rafiki wa zamani. Alikuwa na wakwe wanaoondoka Jumapili na mabegi sita. Nilimwambia gari si letu, linarudi kesho. Akasema vizuri, atalirudisha yeye mwenyewe akitoka kuwasindikiza wakwe, anapita njia hiyo hiyo. Nikampa ufunguo. Nilikuwa nimechoka na nilitaka aondoke.

Hakulirudisha. Wakwe walichelewa, kukawa giza, akaona atalirudisha Jumatatu. Jumatatu binamu akapata habari. Mwenye nyumba wake mpya alikuwa ameshageuka mtu mbaya. Kitanda, jokofu, magodoro mawili, safari tatu. Jioni akaniletea mimi gari, mafuta yamekauka, taa ya njano inawaka, akaniambia wewe ndiye uliyeliazima, ni haki ulirudishe mwenyewe. Na mimi Jumanne saa tano nilikuwa na keki ya kumuaga mfanyakazi anayestaafu kwenye ofisi moja ya mjini. Nikafanya hesabu zangu: nikiipeleka kwanza keki, saa sita gari liko kituoni. Mazoezi watakosa, nikasema moyoni, lakini mazoezi yapo kila wiki.

Asubuhi hiyo simu yangu iliita mara mbili, jina la mkuu wa kituo. Mara ya kwanza nilikuwa na krimu mikononi. Mara ya pili sikuwa na kitu mikononi. Niliigeuza simu kifudifudi mezani nikaendelea kuandika kwa chokoleti, "Asante kwa utumishi wako."

Yaliyotokea hospitali nimeyajua baadaye, mengine kutoka kwa dada, mengine kwa wenzake wa masjala, ambao siku hizi wananiangalia vibaya. Saa tatu na nusu alitokea dirishani mama mmoja amembeba binti wa miaka kumi na moja, jasho limemlowesha mpaka kiunoni. Akapitisha kadi. Dada akamwuliza gari lina nini, limeharibika? Yule mama akashangaa.

"Gari liko kwa ndugu zako, mama," alisema. "Tangu Ijumaa. Tuliambiwa unajua."

Wenzake wanasema dada alimtafutia kwanza faili lake. Alipanda ngazi, akashuka, akampa. Kisha akavua koti la kazi, akalitundika, akatoka. Hakuaga. Miaka thelathini na moja hajawahi kuacha dirisha wakati kuna foleni. Alikodi pikipiki, na goti lile, na umri wa miaka hamsini na nane, akaja nayo mpaka kwangu.

Mimi nilikuwa nimeshapakia. Keki iko juu ya mkeka wa raba, mlango wa nyuma uko wazi, nimekaa kwenye ukingo wake nasubiri mpwa wangu avae viatu. Nilimwona akishuka kwenye pikipiki akiushika mguu kwa mikono miwili ili auvushe. Nikasimama. Nilimwamkia, akaitikia. Ndicho kitu kilichonitisha, kwamba aliitikia vizuri tu.

"Toa keki yako," alisema.

Nikaanza kueleza. Nilimwambia ni dakika ishirini, kwamba tuipitishe kwanza halafu mimi mwenyewe nitakwenda naye kituoni, kwamba kaka alisema, kwamba binamu. Alingoja nimalize.

"Leo ni siku ya fundi wa vyuma vya miguu," alisema. "Anakuja mara moja kwa miezi mitatu. Saa sita anaondoka. Toa keki."

Nikaitoa. Mimi na mpwa wangu tuliishusha tukaiweka kwenye ngazi za baraza, juani. Dada alikuwa amekwisha kaa kwenye usukani. Alijaribu kukanyaga klachi akagundua siti imesogezwa mbele, nilikuwa nimeshajiwekea tayari, mimi ni mfupi kuliko yeye. Mkono wake ukabaki kwenye kile chuma cha kusogezea siti.

"Nani aliliendesha?"

"Mimi."

"Toka kituoni?"

"Ndiyo, dada."

"Barabara kuu?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Alinitazama kidogo, si kwa hasira. Nimeyaona macho yale zamani, siku aliyotoka wodini kutuambia kwamba shemeji amekwisha kata roho: macho ya mtu ambaye ana habari na hana nguvu za kuisema.

"Kumbe unajua kuendesha," alisema.

Akarudisha siti nyuma, akawasha, ile taa ya njano ikawaka, akaondoka.

Ilimbidi apite kuweka mafuta kwanza. Foleni. Kisha kituoni, watoto sita wakubwa, viti vya magurudumu, kuwapandisha mmoja mmoja na yule baba mwenye mgongo mbovu. Walipofika hospitali ilikuwa saa sita kasoro robo na fundi alikuwa anafunga sanduku la vifaa vyake, gari la kumpeleka mji mwingine linamngoja. Dada, ambaye hajawahi kumwomba mtu kitu, alimwomba. Fundi akafungua sanduku, akapima wawili. Meneja hakuwa kati ya hao wawili. Chuma chake cha sasa alitengenezewa akiwa na miaka kumi. Kinamkata paja, wanakizungushia pamba. Alipoulizwa nani apimwe kwanza, aliwataja wadogo kwa mpangilio wa daftari lake, na alipofika jina lake muda ulikuwa umekwisha. Miezi mitatu mingine. Mwili wa mtoto hauna miezi mitatu ya kusubiri, unakua tu.

Nilikwenda kituoni siku ya pili kuomba radhi. Mkuu alisema hakuna neno, kwa ile sauti ya walimu ambayo ina neno. Meneja alikuwa ndani, amelala, sikumwona, na nilishukuru. Kaka nilipompigia alisema yeye hakuambiwa habari za fundi, na kwamba tangu mwanzo jambo hili la gari lilifanywa haraka haraka bila kushirikisha ukoo. Nilikata simu. Kwetu mtu hakati simu, lakini nilikata.

Kutoka huko nikaenda kwa dada. Nilimkuta barazani, mguu wa kushoto uko kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, goti limevimba. Nilikaa kwenye kigoda, chini yake. Nilimwambia yote: uongo niliomwambia mwalimu, simu niliyoigeuza, leseni. Nilimwambia naona aibu na sijui niiweke wapi. Nililia, naye alinipa kile kitambaa alichokuwa anafutia mguu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Hakunigombeza. Alinisimulia habari za fundi kama nilivyozieleza hapa, polepole, akikoroga maji ya beseni kwa kidole. Alisema kazini wamempa barua ya onyo kwa kuacha dirisha. Alisema haimuumi, ni karatasi.

Nikamwuliza nimsaidie nini. Nilikuwa tayari kwa lolote: kuwa dereva wa kituo kila Jumanne, kumtafuta yule fundi mji wowote alipo, kumfulia, kumpikia. Nilivitaja vyote. Hayo ya kituo alisema niyazungumze na mkuu wa kituo mwenyewe, yasipitie kwake. Kisha akafikiri kwa muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ambayo hajaitumia siku nyingi.

"Usije," alisema. "Kwa sasa usije, mdogo wangu. Wala usipige simu. Nikiwa na hamu na wewe nitakuja mwenyewe."

Nilitaka kusema vizuri. Neno lilifika mdomoni nikalimeza, kwa sababu najua sisi tukisema vizuri huwa tunamaanisha nini. Alipotoa mguu nikaosha beseni, nikalirudisha bafuni, nikaondoka.

Leo ni wiki ya sita. Jumanne naendesha lile gari, mkuu alinikubalia baada ya kunitazama sana, na Meneja ananiandika saa ya kufika na saa ya kuondoka. Hospitali nawashusha kwenye mlango wa mazoezi, ambao uko nyuma. Dirisha la masjala liko mbele, na siendi huko mbele. Jumamosi napeleka keki kwa gari la kukodi, namlipa dereva mara mbili ili aende polepole. Barabara hiyo inapita mwisho wa mtaa wake. Mara nyingine namwambia dereva asimame pale kidogo, nasingizia keki, kisha namwambia twende. Nina miaka arobaini na minne, na katika miaka yote hiyo dada yangu ameniomba jambo moja tu.

Hajaja bado.